Kasema Iwe Safi

Jumatatu, 4 Machi

Kaka kaja leo. Nilijua kuna jambo tangu nilipomwona mlangoni kabeba matunda. Kaka yangu akija mikono mitupu, kaja kusalimia. Akija na matunda, kaja kuchukua kitu.

Kakaa kwenye kiti cha marehemu baba. Kasifia chai. Kamsifia Mama afya — Mama ambaye juzi tu kajimwagia maji ya moto mapajani kwa sababu macho hayaoni! Halafu ndipo akalitoa la moyoni. Bastola ya Babu. Eti siku hizi kuna watu wanatafuta vitu vya vita vya zamani kama wendawazimu. Eti kuna mthamini mjini, mzee mwenye duka la saa na medali, tumpelekee tu atuambie ina thamani gani. Kujua tu, mama. Kujua si kuuza.

Kisebusebu na kiroho papo! Huyu ni dalali wa viwanja. Tangu lini dalali akauliza bei ili ajue tu?

Nikasema hapana. Bastola ni ya Mama, kaachiwa na baba yake mzazi, na haina bei. Kaka akacheka kile kicheko chake cha wateja. "Kila kitu kina bei, mdogo wangu. Hata wewe ulikuwa nayo, ila hakuna aliyeifikia." Mbele ya Mama! Mimi ninayefundisha watu udereva kutwa nzima, ninayekula mkate wangu kwa kufoka, jibu limenijia baadaye, naosha vyombo. Na halina faida.

Na Mama naye! Kasema haya, ipelekwe. Ikionekana ya bei kubwa, iuzwe, maana na yeye hatazikwa nayo. Ikionekana ya bei ndogo, irudi sandukuni kwake na Kaka asiitaje tena mpaka siku ya mazishi. Kaka kakubali upesi mno, kama mtu mwenye mnunuzi mfukoni.

Alipoondoka nikamwambia Mama: mchelea mwana kulia hulia yeye. Kanijibu ninywe chai yangu, inapoa.

Naomba iwe ya bei ndogo. Naomba iwe takataka!


Jumatano, 6 Machi

Mthamini anataka picha kwanza kabla hajaiona yenyewe. Mchana sikuwa na wanafunzi, nikalitoa sanduku la Mama chini ya kitanda. Nikawa nakitoa kitu kimoja kimoja, nampa, napiga picha. Macho ya Mama yamefunikwa na mtoto wa jicho, na daktari alishasema wakati wa kuyapasua umepita. Lakini hakuhitaji kuambiwa kipi ni kipi.

Bastola yenyewe — nyeusi, imepauka kuwa kahawia pale kiganja kinaposhika. Magazini mbili za kuwekea risasi, tupu. Mkoba wake wa ngozi, mgumu kama mkate wa juzi, na ndani ya kifuniko muhuri wa jeshi lililokuwa nayo kabla ya Babu. Ufito wa kusafishia mtutu. Bisibisi ndogo kama kidole cha mtoto. Kamba ya kuning'inizia shingoni, ya katani, imechanua nyuzi. Namba ni zile zile kwenye bastola na kwenye magazini zote mbili. Na cheti. Sheria za silaha zilipobana, Babu aliipeleka serikalini kwa miguu yake, wakaichomelea mtutu, wakamrudishia na karatasi yenye namba zake. Haiui hata nzi.

Kidole cha Mama kikaenda kwenye kitako, kikakaa huko huko. Kitako cha bastola ile kimebanduka vipande, na mbao ya kishikio ina ufa. Sababu naijua tangu utotoni lakini nikamwacha anisimulie tena. Babu alirudi kutoka vitani na bastola aliyokabidhiwa na afisa wa upande wa pili siku waliposalimu amri. Alirudi na bastola, ila nyundo hakuwa nayo! Basi alipojenga nyumba, misumari yote ya mlango akaipigilia kwa kitako cha bastola. Mama alikuwa mdogo. Kazi yake kuibana misumari mdomoni na kumpa baba yake mmoja mmoja. "Akijigonga kidole, analaani majeshi yote mawili," kasema Mama, kacheka mpaka kakohoa. Na mlango huo huo ndio Mama alioutokea siku ya kuolewa.

Sasa Kaka anataka kujua mbao na chuma hicho vinakwenda ngapi sokoni. Hasira inanipanda hata hapa ninapoandika.


Ijumaa, 8 Machi

Nimemwona mthamini. Niliingia nikiwa nimejiandaa kwa tapeli, maneno nimeshayapanga njiani. Nikamkuta mzee wa watu, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Duka jembamba, saa za ukutani pande zote na hakuna mbili zinazokubaliana. Nikamwamkia, akaniita binti. Nani aliniita binti mara ya mwisho? Hasira zote nilizobeba zikakosa pa kutua.

Kazitazama picha akizipanua kwa vidole. Alipofika kwenye kitako akauliza haya majeraha ni ya nini. Nikamweleza habari ya misumari. Alicheka mpaka akavua miwani kupangusa macho! Nami moyoni nikasema, ndiyo hiyo, bei imeporomoka, asante Babu.

Wapi! Kasema inaongeza, haipunguzi. Bastola za aina hii zipo, lakini nyingi unakuta bastola ya huyu, magazini ya yule, mkoba umetoka kwa mtu wa tatu, kama timu ya kuokoteza. Hii imekaa na vyake vyote. Namba zinakubaliana, muhuri unasomeka, na ina habari ya mtu aliyeishi nayo. Hataki kuapa kwa picha. Lakini ikiwa iko kama inavyoonekana, hiyo ni bei ya gari. Si jipya. Lakini gari linalotembea.

Gari! Kaka akisikia gari, atalala amevaa viatu.

Na akasikia hapo hapo, maana alipiga simu kuuliza nimefikia wapi, nikamkabidhi mzee simu. Mzee kamwambia tuilete Alhamisi. "Ila bwana, iwe safi tu. Kitu kisicho safi mimi sikigusi." Sauti ya Kaka nikaisikia mpaka kwenye kabati la medali: safi kabisa mzee wangu, ondoa shaka!

Jioni mwanafunzi wangu wa mwisho, mwalimu wa hesabu, kazimisha gari kwenye mzunguko. Nimemfokea maneno ambayo si yake. Yalikuwa ya mtu mwingine.


Jumamosi, 9 Machi

Kaka kaja kuchukua sanduku. Hata kukaa hakukaa. Mthamini kasema iwe safi, kwa hiyo anaishughulikia mwenyewe, nisijisumbue. Nikafikiri ni cheti — kwamba anakwenda kukihakikisha polisi. Kwa mara moja maishani nikaona Kaka anafanya jambo la maana, nikampisha!

Mama kamkabidhi sanduku kwa mikono miwili. Kamwambia asilitikise.


Jumanne, 12 Machi

Kaka hapokei simu. Nimempigia wifi. Kanijibu kwa ile sauti yake ya kutafuna kitu: yuko kwenye shughuli za bastola.

Shughuli gani? Bastola ina shughuli? Imekuwa bibi harusi?

Mama anauliza kila akiamka kama sanduku limerudi. Namwambia Alhamisi, mama. Anasema haya. Baadaye anauliza tena.


Alhamisi, 14 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi.

Nilifika dukani kwa mthamini kabla ya Kaka. Kaja kavaa koti, kanyoa ndevu, sanduku kalishika mbele kama anapeleka keki. Kaliweka mezani. Mzee kavaa glovu zake nyeupe. Kafungua.

Inang'aa! Mungu wangu, inang'aa kama rimu ya gari la harusi! Sikuelewa ninachokitazama. Nilidhani ni bastola ya kuchezea watoto, nilidhani Kaka analeta mzaha.

Na yeye kasimama pale anatabasamu! Kaanza kueleza bila kuulizwa. Kampa fundi wa kromu, yule anayezipaka rimu za magari zing'ae. Kwanza kapiga msasa, kutu yote ikaisha, na magazini zake nazo, halafu zote zikachovywa. Kitako wamekijaza, wamekisawazisha. Ufa wameuziba, mbao wakaipiga vanishi mara tatu. "Ulisema iwe safi, mzee. Basi hiyo ndiyo safi."

Mzee kaitoa sandukuni. Kaigeuza upande huu, kaigeuza upande ule. Kachukua lenzi kutafuta namba. Hakuna namba. Msasa umekula. Kachukua magazini ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Kafungua mkoba wa ngozi — umepakwa dawa ya viatu, nyeusi, tabaka juu ya tabaka, muhuri umezikwa humo na hautafufuka. Na ile kamba ya katani haipo! Mahali pake pana kamba ya nailoni, ya buluu, ile ya kuanikia nguo. Nikauliza kamba ya Babu iko wapi. Kaka kasema ile ilikuwa imeoza, inaharibu sura.

Mzee kavua glovu, kidole kimoja kimoja. Kazungumza taratibu, kama mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba. Aliposema safi alikuwa na maana ya isiyo na kesi. Yenye cheti, yenye namba zinazosomeka, isiyo na mgogoro wa urithi. "Safi, bwana. Kama mnavyosema kiwanja safi."

Kiwanja safi!

Na kaka yangu ndiyo kazi yake! Kutwa nzima kwenye simu: bosi, kiwanja safi, safi kabisa, hakina mgogoro, njoo na familia ukione. Neno hilo limemlisha, limemvisha, limemjengea nyumba yenye geti. Kwani hivyo viwanja vyake huwa anavipiga msasa? Huwa anavipaka vanishi? Katika watu wote waliopo chini ya jua, yeye ndiye wa kutolielewa!

Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti, na mteja mmoja akatoka dukani. Kaka kaniambia nipunguze sauti, nisimwaibishe mbele za watu. Nimwaibishe! Mimi!

Halafu mzee akasema jambo lililonikata maini kabisa. "Ilikuwa safi, mkaisafisha, sasa ni chafu." Cheti kina namba, bastola haina. Silaha iliyofutwa namba haina tofauti na ya wizi, hata kama mtutu umechomelewa. Askari akiikuta, mtatoa maelezo mkiwa ndani. Yeye angekuwa sisi, angekwenda polisi mwenyewe leo hii, na cheti, na huyo fundi wa kromu, aeleze kabla hajaulizwa. Na dukani kwake isilale hata siku moja, tumsamehe.

Kaka kafunga sanduku. Nilidhani sasa yamemwingia. Kisha akauliza — kwa masikio yangu nimesikia — "Sasa mzee, pamoja na hayo yote, inaweza kwenda ngapi?"

Mzee kamtazama. Kasema inafaa kuzuia karatasi zisipeperuke. Ni nzito.

Nilitaka bei ndogo. Nilipiga magoti nikaomba bei ndogo. Haya, nimeipata!

Mama nimemdanganya kwamba mthamini hajamaliza kazi. Sanduku liko kwenye buti ya gari la shule ya udereva, chini ya pembetatu za dharura. Na kesho nina wanafunzi.


Ijumaa, 15 Machi

Nimeahirisha wanafunzi wote. Nimekwenda kwa fundi wa kromu. Nilitaka kumla mzima mzima, lakini alivyonipokea! Kafurahi. Kadhani nimeleta kazi nyingine. Nikamuuliza hiyo kromu inaweza kutoka. Kaniangalia kwa huruma: "Dada, kazi yangu haibanduki. Uliza mtaa mzima." Na namba je? Namba zipi? Yeye aliambiwa atoe kila kibaya.

Atoe kila kibaya. Kaambiwa na nani? Kaka.

Kamba ya katani nimeikuta pale pale kwake, kafungia geti la banda. Nimeifungua mwenyewe. Geti limebaki wazi, shauri yake.

Kutoka hapo moja kwa moja kwa Kaka. Wifi kanifungulia, kasema jamani kwani kuna nini, kitu kilikuwa kizee, sasa kipya, watu hawana shukrani. Sikumjibu. Ningemjibu, tusingesalimiana tena mpaka kaburini. Kaka nimemkuta sebuleni kazima taa na pazia kafunga mchana kweupe, anaogopa kila pikipiki inayopita. Nikamwambia twende polisi, tueleze, cheti tunacho. Kasema mimi nataka afungwe. Kasema ana watoto. Kasema yule mzee katutia hofu bure ili ainunue kwa bei ya bure.

Nikamwambia basi mambo mawili. La polisi tutalizungumza. Lakini Mama ni mama yetu, na utamwambia wewe. Kwa mdomo wako. Jumapili.

Kasema sawa. Kaapa kwa kaburi la baba. Na mimi, mwanamke mzima, nikaamini kiapo cha dalali.


Jumapili, 17 Machi

Kaka kaja. Na matunda!

Nilikuwa nimeirudisha kamba ya Babu mahali pake. Sijui nilifikiri itasaidia nini. Sanduku tukaliweka mapajani kwa Mama, na Mama akafungua mwenyewe, uso umemchangamka kama wa mtoto. Kashika kamba kwanza. "Ee, hii hapa." Kaifuata kamba mpaka kwenye bastola.

Mikono ikasimama.

Kaipapasa. Kidole gumba kikaenda kwenye kitako, kikazunguka, kikarudi, kikazunguka tena. Kinatafuta. Kikatafuta ufa wa kishikio. Kanusa mkoba. Sisi wawili tumesimama mbele yake kama watoto waliovunja chungu.

"Hii ya nani?" kauliza.

Nikamkazia Kaka macho: sema. Mama karudia: hii si ya baba, mmeniletea ya nani? Na hapo, kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, aliyenyonya mpaka akajua kuongea, akasema: "Mama, hata mimi nimeshtuka. Yule mthamini ... sijui. Labda kaibadilisha."

Ala! Mzee wa watu! Mzee aliyetuambia ukweli bila kuchukua kitu, aliyeniita binti!

Na Mama kaamini. Kwa nini asiamini? Kamba anaijua, ni ya baba yake. Bastola haijui. Basi mtu kachukua bastola, kaacha kamba. Wizi wa kawaida kabisa. Kasema mwizi huyo mjinga, kachukua chuma kaacha kamba. Halafu akaikumbatia ile kamba kifuani.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Tayari kabisa. Mama, haijabadilishwa, ndiyo hiyo hiyo, mwanao kaipiga msasa. Sikuyasema. Mimi! Mimi ambaye sijawahi kukaa na neno tangu nizaliwe. Maana niliona hivi: kama imeibwa, ipo. Iko mahali, kwenye kabati la mtu, na kitako chake kibovu na ufa wake. Nikisema kweli, haipo popote. Niliona hivyo wakati ule. Sasa nimekaa na sahani ya matunda ya Kaka mbele yangu na naona labda niliogopa tu.

Kaka kumbe alidhani yamekwisha. Kaanza kusema mama usijali, dunia ndivyo ilivyo, tumwachie Mungu. Mama kamkatiza. Hamwachii Mungu kitu ambacho mwenye duka anacho. Kesho twende kwa huyo mthamini, akikataa twende polisi. Wote watatu. Na tubebe hii ya kwake tumrudishie.

Polisi! Na hicho chuma kisicho na namba mkononi! Uso wa Kaka ulivyogeuka, ningecheka kama ningekuwa na nguvu.

Nje, kwenye gari lake, kanishika mkono. Kasema nisimwangushe. Kasema damu nzito kuliko maji. Nikamwambia aniachie mkono kabla sijauvunja wake.


Jumatatu, 18 Machi

Naandikia kwenye usukani. Tumeegesha ng'ambo ya duka la mthamini.

Mama alikuwa keshavaa nilipoamka. Nguo yake ya kutokea, viatu vya kufunga, sanduku liko mapajani. Nilimwambia mama subiri kwanza tunywe chai, kasema atakunywa akirudi nayo. Kaka katukuta mlangoni. Nilidhani hatakuja. Kaja kwa sababu anaogopa nitakachosema asipokuwepo.

Njiani hakuna aliyeongea isipokuwa Mama. Ndiyo nikajua kwamba Kaka jana kabla hajaondoka alimnong'oneza kuwa mthamini nilimpata mimi. Mimi! Mama kasema hanilaumu, mtu hukosea. Hanilaumu! Nilibana usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye kioo cha ndani namwona Kaka anatazama nje, kama hajui kinachozungumzwa, kajitia hamnazo. Nikasema, "Kaka, mwambie Mama nani alimtaja mthamini huyu kwanza." Kasema, "Tusigombane mbele ya Mama." Anavyopenda amani, mtu huyu!

Tulipofika nikazima gari, nikasema haya. Kaka kasema ngoja aingie yeye kwanza, waongee kiume. Nikamwambia kiume gani. Hapo Mama akaingilia kati. Kasema ni kweli, aende Kaka, mtu mzima akivamiwa na wanawake watatu atakataa hata alichonacho. Wanawake watatu — kajihesabu mara mbili, au kamhesabu hata Kaka. Sijui.

Halafu kamshika Kaka mkono kupitia katikati ya viti. Kamwambia, nanukuu ili nisije nikajidanganya baadaye: "Mwambie simfungi. Mwambie sina kinyongo naye. Kama ana shida kaiuza, aniambie kaiuza kwa nani, nitakwenda mwenyewe kwa miguu. Kama anaona aibu, ailete tu aiache mlangoni, sitauliza ni nani. Ile tu ya baba. Hii hapa nzuri zaidi, aichukue, aiuze yeye."

Kaka kasema, "Sawa, mama." Sauti haikutoka vizuri. Katoka. Sanduku kaliacha, hakuthubutu kuligusa.

Mama kaniuliza mbona umenyamaza tangu jana, unaumwa? Nikasema kichwa. Kasema nikirudi ninywe dawa.

Kupitia kioo cha duka namwona. Hajafika hata kwenye meza. Kasimama mlangoni kwa ndani anatazama saa za ukutani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetaka kununua. Mzee kainuka, kamsogelea. Wanaongea. Mzee anatazama huku, kwenye gari letu. Anamtazama Mama. Kavua miwani.

Mama ananiuliza: anakubali au anakataa? Nimemwambia sioni vizuri.

Mzee kamwekea Kaka mkono begani. Kaka anafuta uso kwa mkono wa koti. Kama analia, alie! Alie huko huko, asije akamlilia Mama hapa. Mzee anamwambia kitu, anamwonyesha gari. Anamwonyesha tena, kama anayemwambia nenda kaseme mwenyewe. Anamfungulia mlango.

Kaka anatoka. Mikono mitupu. Anavuka barabara bila kutazama magari, wanampigia honi.

Mama kazitambua hatua zake. Anashusha kioo.